Lukafu na Uwanda wa Kundelungu: Ziara ya Urithi wa Utamaduni na Mandhari ya Asili

Utangulizi

Itajwapo safari ya kuzuru urithi wa utamaduni na mandhari ya asili, fikra za msomaji wa Kiswahili huelekea visiwani. Huuona Mji Mkongwe wa Unguja, magofu ya Kilwa Kisiwani, vichochoro vya Lamu na mikoko ipakanayo na bahari. Jambo hilo halishangazi. Visiwa hivyo vina majengo ya mawe yaliyodumu, vina maandishi, na vyote vitatu vimekwisha kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Kilwa mwaka 1981, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Hata hivyo, nchi ya wasemaji wa Kiswahili ni pana kuliko mwambao, na huko bara iko sehemu moja inayostahili kuitwa kisiwa ingawa haikuzungukwa na maji ya chumvi. Sehemu hiyo ni uwanda wa juu wa Kundelungu, katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lukafu, iliyoko bondeni chini ya uwanda huo, ndiyo bandari yake.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, yanaeleza mandhari ya Lukafu na Kundelungu na jinsi yalivyoumbika. Pili, yanaeleza historia iliyopita katika bonde hilo, hasa ile ya misafara iliyoliunganisha na Zanzibar. Hoja inayotetewa ni kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki. Mgeni anayepelekwa kutazama maporomoko ya maji na kurudishwa mjini bila kuambiwa nani aliishi chini yake, nani alipita, na kwa lugha gani, ameonyeshwa nusu tu ya mahali alipokwenda.

Kisiwa cha nchi kavu

Lukafu iko upande wa kaskazini wa Lubumbashi, katika bonde la mto Lufira. Anayesimama hapo na kutazama mashariki huona ukingo mrefu wa mawe ukiinuka ghafla kutoka katika miti. Huo ndio ukuta wa Kundelungu. Juu yake ardhi husawazika tena na kuwa uwanda mpana unaopita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi uwanda huo hutazama Lufira. Upande wa mashariki hutelemkia bonde la Luapula na ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia.

Mpangilio huo wa mito unastahili kuzingatiwa. Maji yanayoshuka magharibi huingia Lufira, na Lufira huingia Lualaba. Yanayoshuka mashariki huingia Luapula, hupita ziwa Mweru, hutoka kwa jina la Luvua, na mwisho nayo huingia Lualaba karibu na Ankoro. Kwa hiyo matone mawili ya mvua yaliyoanguka bega kwa bega juu ya Kundelungu yaweza kuachana, yakazunguka nchi kwa njia mbili tofauti, kisha yakakutana tena katika mto ule ule ambao mbele huitwa Kongo na kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Jambo hili laonyesha kwa nini neno kisiwa si pambo tu hapa. Uwanda umezungukwa kweli na maji yatiririkayo, ingawa kwa mbali.

Uoto nao unatenga juu na chini. Bondeni na katika miteremko hutawala miombo, yaani misitu myepesi ambayo miti yake hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mgeni afikaye mwezi wa Septemba au Oktoba hukuta jambo la ajabu: kabla mvua haijanyesha miti huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba, hata kilima kizima huonekana kama kinawaka bila moshi. Kwa wenyeji misitu hiyo ni ghala. Humo hupatikana asali, uyoga wa aina nyingi na viwavi vinavyoliwa, ambavyo huuzwa hadi masokoni Lubumbashi.

Juu ya uwanda miti hupungua na majani hutawala. Nyanda hizo za juu huitwa dilungu, neno la wenyeji ambalo wataalamu wa mimea wamelichukua na kulitumia katika maandishi yao. Udongo wake ni wa mchanga usio na rutuba nyingi, usiku wake ni wa baridi wakati wa kiangazi, na upepo hauna kizuizi. Baadhi ya mimea na wanyama waliozoea hali hiyo hawashuki bondeni, na baadhi ya wa bondeni hawapandi. Ndivyo hasa kilivyo kisiwa kwa maana ya wanasayansi: mahali ambapo viumbe hutengwa na wenzao, wakaendelea kwa namna yao.

Maporomoko ya Lofoi

Mto Lofoi huanzia juu ya uwanda, ukatiririka polepole katika nyasi kana kwamba hauna haraka, kisha ukafika ukingoni. Hapo huanguka kwa mporomoko mmoja wa takriban mita 340. Maporomoko hayo, yanayoitwa pia Kaloba, ni miongoni mwa marefu kabisa barani Afrika. Kwa kulinganisha, yale mashuhuri ya Zambezi, yaitwayo Mosi-oa-Tunya, yana kimo kisichozidi sana mita 100, ingawa maji yake ni mengi kupita kiasi.

Tofauti hiyo ya kimo na wingi ndiyo inayoyapa maporomoko ya Lofoi tabia yake. Mwishoni mwa masika, kati ya Machi na Mei, maji huanguka kwa uzito na mvuke wake huinyesha miti ya bondeni, ambayo kwa sababu hiyo hubaki kijani wakati msitu unaoizunguka umekwisha kauka. Kiangazi kinapoendelea mto hupungua. Ifikapo Septemba mkondo huwa mwembamba kama uzi, na upepo huutawanya kabla haujagusa mwamba wa chini. Mgeni hana budi kuchagua. Akifika mapema atayaona maji kwa ukamilifu wake, lakini barabara ya udongo yaweza kuwa imeharibiwa na mvua. Akichelewa barabara itakuwa kavu, na maji atayaona yakigeuka ukungu. Mwezi wa Mei na wa Juni kwa kawaida hupatanisha mambo hayo mawili.

Uwanda na maporomoko haya yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970. Hifadhi jirani ya Upemba, upande wa kaskazini-magharibi, ni ya zamani zaidi. Ilianzishwa mwaka 1939.

Misafara na dola ya Msiri

Historia ya bonde la Lufira haikuanza na wageni. Wasanga walikuwa hapo, na Walamba upande wa kusini. Watu hao walifua shaba na kuifinyanga kuwa misalaba iliyotumika kama fedha na kama mahari. Chumvi ilivunwa katika visima vya Mwashya. Bidhaa hizo mbili, shaba na chumvi, ndizo zilizowavuta wafanyabiashara kutoka mbali.

Katikati ya karne ya 19 alifika kijana wa Kisumbwa kutoka nchi ya Unyamwezi, Ngelengwa, mwana wa mfanyabiashara wa shaba aliyeitwa Kalasa. Alifuata njia ya baba yake, lakini hakurudi. Kwa bunduki, kwa ndoa na kwa werevu wa siasa alijijengea dola, akaweka makao yake Bunkeya, magharibi ya Lufira, akajulikana kwa jina la Msiri. Wafuasi wake waliitwa Wayeke, jina linalohusishwa na chama cha wawindaji wa tembo. Biashara yake ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulielekea magharibi hadi Benguela katika pwani ya Angola. Mwingine ulielekea mashariki, ukapita Luapula na Tabora hadi Bagamoyo na Zanzibar. Kwa mlango huo zilitoka pembe, shaba na watumwa. Ziliingia bunduki, baruti, shanga na nguo za merikani.

Pamoja na bidhaa iliingia alama. Kipande cha duara cha kombe la bahari ya Hindi, kiitwacho mpande, kilikuwa katika nchi hizi ishara ya utawala. Mtu aliyekuwa mbali na bahari kwa safari ya miezi mingi alitambuliwa kuwa mkubwa kwa kuvaa shingoni kitu kilichotoka baharini. Kwa mwanafunzi wa utamaduni wa Waswahili, kombe hilo moja laeleza mengi juu ya upana wa uhusiano wa mwambao na bara.

Haifai, hata hivyo, kuisimulia dola ya Msiri kama fahari tupu. Kwa Wayeke yeye ni mwasisi. Kwa Wasanga wengi ni mshindi aliyewatoza kodi na kuwauza watu, na mwaka 1891 walikuwa wamekwisha kumwasi. Anayemwongoza mgeni bila budi achague maneno yake, kwani pande zote mbili bado zinaishi jirani, na kila moja ina kumbukumbu yake.

Mwaka 1891

Mwaka huo ulibadili kila kitu. Mwezi wa Aprili Paul Le Marinel, ofisa wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, alifika Bunkeya. Msiri hakukubali bendera yake. Le Marinel alipoondoka aliacha kituo kidogo chini ya ofisa Legat, karibu na mto Lofoi, chini ya ukuta wa Kundelungu. Hicho kilikuwa kituo cha kwanza cha dola hiyo katika Katanga, na ndicho kilicholiingiza bonde la Lukafu katika vitabu vya historia ya ukoloni.

Mwezi wa Desemba ukafika msafara mwingine, ukiongozwa na William Grant Stairs, Mkanada aliyeajiriwa na Wabelgiji. Msafara huo uliandaliwa Zanzibar na kuanzia bara Bagamoyo. Wazungu wake walikuwa watano. Askari na wapagazi, ambao walizidi 300, wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar na mrima. Tarehe 20 Desemba 1891 ofisa Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akafa, naye Bodson akajeruhiwa vibaya na kufa. Masimulizi ya Wayeke yanashikilia kuwa kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa na wageni. Kilikopelekwa ni swali ambalo halijapata jibu hadi leo, na kwa wenyeji si swali la vitabuni tu: ni suala la mfu asiyezikwa kikamilifu.

Wapagazi nao walilipa. Vita na uasi vilikuwa vimeiacha nchi bila chakula, na katika masika yaliyofuata makumi ya watu wa msafara walikufa kwa njaa na maradhi ya tumbo. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa mwaka 1892 huko Chinde, katika mdomo wa Zambezi, wakati wa kurejea. Majina ya Wazungu wale watano yamehifadhiwa vizuri. Ya wapagazi, walioufikisha msafara mabegani mwao, kwa sehemu kubwa hayakuhifadhiwa. Mtu wa Unguja anayezuru Bunkeya anatembea, pengine bila kujua, juu ya makaburi ya watu wa kwao.

Mukanda Bantu, mwana wa Msiri na mrithi wake, alipatana na Wabelgiji. Alihamisha watu wake karibu na kituo cha Lofoi, na askari wake walitumika katika vita vya kuitiisha nchi. Wayeke walirejea Bunkeya baada ya kifo chake cha mwaka 1910. Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, hukusanyika huko kumkumbuka Msiri. Mgeni apendaye kuona utamaduni ulio hai, wenye ngoma, sifa na mavazi ya heshima, hawezi kupata siku iliyo bora kuliko hiyo.

Kutoka kituo cha Lofoi hadi Lukafu

Kituo cha Lofoi kilidumu muongo mmoja hivi. Kilishuhudia pia mapambano na wafanyabiashara wa mashariki waliokuwa na ngome zao. Mwaka 1897 ofisa Brasseur aliuawa alipoishambulia ngome ya Chiwala karibu na Luapula. Chiwala, aliyekuwa Myao na mfuasi wa Uislamu, alivuka baadaye kwenda upande wa Ndola, na ukoo wa machifu wenye jina lake uko huko Zambia hadi sasa. Baada ya hapo shughuli za utawala zilisogezwa Lukafu, na mwanzoni mwa karne ya 20 jina hilo lilikuwa miongoni mwa majina machache ya Katanga yaliyojulikana Ulaya.

Lakini bahati ya Lukafu ilikuwa fupi. Jules Cornet, mwanajiolojia aliyeizunguka nchi mwaka 1892, alikuwa ameeleza utajiri wa shaba ulioko kusini. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, na mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ukazaliwa kando ya migodi. Utawala ukafuata shaba. Lukafu ikabaki bondeni na mto wake. Kusahauliwa huko kuliinyima barabara nzuri na huduma, na wakati huo huo kuliihifadhia ukimya ambao leo ndio unaomvutia mgeni.

Kiswahili cha bondeni na Kiswahili cha mgodini

Kwa wasomaji wa taaluma ya Kiswahili, Lukafu inagusa mjadala mkubwa. Kiswahili kilifikaje Katanga? Jibu la mazoea ni kwamba kililetwa na misafara na Wayeke, kikaenea tangu hapo. Johannes Fabian, katika kitabu chake kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni kilichotoka mwaka 1986, alilitilia shaka jibu hilo. Alionyesha kuwa Kiswahili cha Lubumbashi hakikurithiwa moja kwa moja kutoka kwa misafara. Kilistawi kama lugha ya kazi migodini, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Utawala na kampuni walikipendelea kwa sababu, pamoja na mambo mengine, waliogopa mvuto wa Kiingereza na lugha za kazi za kusini. Kabla yake Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alikuwa amekwisha kueleza sarufi ya Kiswahili hicho.

Bonde la Lukafu halipingi hoja ya Fabian, ila linaikamilisha. Katika kituo cha Lofoi walikutana askari na wapagazi wa mashariki, Wayeke na Wasanga, na Kiswahili kilikuwa na kazi hapo kabla ya mgodi wowote kufunguliwa. Iwapo lugha hiyo ilikatika au iliendelea ni jambo la kuchunguzwa kwa masimulizi ya wenyeji, na wenye kumbukumbu hizo hawazidi kuwa wengi.

Mgeni mwenye sikio atajifunza hata kwa mazungumzo mepesi. Kiongozi wa njia atamwonyesha mayi ya Lofoi, si maji. Atamweleza juu ya bantu wa kale, si watu. Na atakaposikia kwamba makala yameimaliza miti ya bondeni, asidhani kuwa waandishi wamelaumiwa: katika Katanga makala ni makaa ya kuni.

Yaliyo hatarini

Neno hilo la mwisho laelekeza kwenye tatizo kubwa. Lubumbashi ni mji wa watu zaidi ya milioni, na nyumba nyingi hupikia makala. Miombo iliyokuwa karibu na mji imekwisha kukatwa, na wachomaji huzidi kusogea mbali. Miti inapotoweka bondeni na katika miteremko, hupotea pia asali, uyoga na viwavi vilivyokuwa chakula na mapato ya wenyeji.

Wanyama wamepungua zaidi. Nchi ambayo dola yake ilijengwa juu ya pembe, na watu wake kupewa jina la wawindaji wa tembo, leo ina tembo wachache mno. Vita vya 1998 hadi 2003 na makundi yenye silaha yaliyofuata yalidhoofisha ulinzi wa hifadhi za Katanga. Anayekwenda Kundelungu kwa kutarajia makundi ya wanyama kama ya Serengeti atasikitika. Anayekwenda kwa ajili ya anga, mwamba, maji na ndege atatosheka.

Urithi wa utamaduni una hatari yake tofauti. Kongo ina maeneo matano katika orodha ya Urithi wa Dunia, nayo yote ni ya asili. Hakuna hata moja la utamaduni, wala hakuna lililoko Katanga. Sababu mojawapo ni kwamba urithi wa huku haukujengwa kwa mawe. Bunkeya ya Msiri ilikuwa ya udongo na magogo. Kilichobaki ni maneno, ngoma, majina ya mahali na maandishi machache, kama kitabu cha kurasa za historia ya Wayeke alichokitoa Antoine Mwenda Munongo, aliyekuwa mwenyewe mwami wao, mwaka 1967. Gofu la Kilwa laweza kumngoja mtafiti kwa karne nzima. Mzee hawezi.

Hitimisho

Ziara kamili ya sehemu hizi yapasa kufuata mpango. Ianzie Bunkeya, kwa kumwamkia mwami au mwakilishi wake, kwani katika desturi ya nchi mgeni asiyejitambulisha hana wa kumweleza jambo. Ivuke Lufira hadi Lukafu, na hapo Wasanga nao wasikilizwe, ili mgeni asiondoke na upande mmoja wa habari. Ipande kisha uwanda wa Kundelungu na kumalizikia ukingoni, pale Lofoi inapoacha ardhi.

Vyuo vikuu vina wajibu katika jambo hili. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar anayesoma historia ya misafara husoma zaidi kuhusu Bagamoyo, ilikoanzia, kuliko Bunkeya, ilikofikia. Mwanafunzi wa Lubumbashi naye hukisoma Kiswahili sanifu bila kuambiwa kuwa watu wa mwambao walikwisha kuzikwa katika jimbo lake. Kukusanya masimulizi ya bonde la Lufira kwa Kiswahili, kutoka kwa Wayeke na Wasanga kwa usawa, kungewafaa wote wawili. Maji ya Lofoi hupungua kila kiangazi na kurudi kila masika. Kumbukumbu za watu, zikishapungua, hazina masika ya kuzirudisha.